Sindano za Kichina: Tiba au Itikadi?



Katika Hospitali ya Naguru, Kampala, iliyojengwa kwa msaada wa China, madaktari wa Kichina hutibu maumivu kwa kuchoma sindano nyembamba mwilini. Je, tiba hii inamfaa Muislamu, ilhali maelezo yake yametokana na itikadi isiyo yake?

Kwanza tuijue. Huangdi Neijing, kitabu kilichokusanywa takriban miaka 2,000 iliyopita, kinaeleza kuwa mwilini mna nguvu iitwayo qi (hutamkwa "chi"), inayopita katika njia maalumu. Ikizuiliwa, au yin na yang zikikosa uwiano, mtu huugua. Sindano huchomwa kwenye vituo vya njia hizo, ambavyo leo huhesabiwa 361, ili qi ipite. Hata Wachina wenyewe hawakuikubali wakati wote: mwaka 1822 Mfalme Daoguang aliiondoa katika chuo cha tiba cha kifalme. Baada ya 1949 serikali mpya ndiyo iliyoipa nguvu tena.

Wapo wanaosema: asili yake si Uislamu, basi ni haramu. Hoja hii haisimami. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Auf bin Malik (r.a.) na wenzake walimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ruqya walizozitumia zama za jahiliyya. Hakuzikataa kwa ajili ya asili yake. Aliwataka wamwoneshe, akabainisha kuwa hazina ubaya maadamu hamna shirki. Kinachopimwa ni kilichomo, si kilikotoka.

Wengine husema: imewasaidia watu, yatosha. Hawa nao wameharakisha. Wanazuoni wa tauhidi wanafundisha kuwa kukifanya kitu sababu ya kupona, bila dalili ya sheria wala uzoefu uliothibiti, ni mlango wa shirki ndogo, kama ilivyo kwa hirizi. Basi dalili iko wapi?

Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini. Miongoni mwa waliochomwa kwa utaratibu wa Kichina, asilimia 47.6 walipata nafuu. Waliochomwa juujuu mahali pasipo na vituo walikuwa asilimia 44.2, na waliopewa matibabu ya kawaida asilimia 27.4. Maana yake, nafuu ipo, lakini ramani ya qi haikuonesha kuwa ndiyo inayoileta. Huenda ni mchomo wenyewe, huenda ni uangalizi na matumaini ya mgonjwa.

Kwa hiyo tutenganishe mambo matatu: kitendo, maelezo na dai. Kitendo cha kuchoma sindano safi kwa mkono wa mjuzi, ili kupunguza maumivu, asili yake ni halali. Maelezo ya qi hatulazimiki kuyaamini. Dai ndilo lenye hatari. Anayemwambia mgonjwa wa kisukari au saratani aache dawa zake kwa sababu sindano zitamponya, anacheza na nafsi aliyoiharamisha Allah. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa anayejifanya tabibu bila kujulikana kwa utabibu anawajibika kwa madhara anayoyasababisha.

Tiba ya Kichina yenyewe ina mfano mzuri. Katika karne ya 4 Ge Hong aliandika kuhusu mmea wa qinghao kwa homa. Tu Youyou na wenzake waliufanyia majaribio, wakapata artemisinin, na mwaka 2015 akatunukiwa Nobel. Dawa za malaria tunazomeza leo zimetokana na kazi hiyo. Ukale wa kitabu haukutosha; ilibidi kupima.

Na kipimo hicho tukigeuze kwetu pia. Hijama imethibiti katika Sunna, lakini anayeitangaza mtandaoni kuwa inaponya kila ugonjwa, bila ujuzi wala usafi, anatoa dai lilelile tunalolikataa kwa Mchina. Kuwa na mizani mbili, ya kwetu nyepesi na ya wenzetu nzito, si uadilifu. Sisi wanafunzi ndio watakaotuuliza wazazi na majirani watakapougua. Jibu la kweli kwao ni amana, hata kama litapunguza sifa ya kitu tunachokipenda.

Wallahu a'lam.