Maajabu ya Dunia: Shayiri Katika Chungu cha Mama

Mau Narok ni nchi ya juu. Ukipanda kutoka Njoro, joto la Bonde la Ufa hubaki nyuma yako, ukungu hushuka hadi barabarani, na mashamba hufunguka kulia na kushoto mpaka macho yachoke. Tuko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na bado kuna asubuhi ambapo jalidi hutanda juu ya majani ya viazi hadi jua lipande ndipo iyeyuke. Katika baridi hiyo Mwenyezi Mungu ameweka chakula cha watu wengi: ngano, shayiri, viazi, kabichi, karoti, minji. Malori hushuka usiku yakiwa yamejaa, na kesho yake mama fulani sokoni, mbali na hapa, anachagua karoti bila kujua zimelelewa kwenye baridi gani.

Leo tuitazame shayiri peke yake. Chukua punje moja uiweke kiganjani. Ni kavu, ni ngumu, ina mfereji upande wa tumbo na ganda lililoshikamana nayo. Hukaa ghalani miezi na miezi, na ukiitazama utasema imekufa. Lakini itie kwenye udongo wenye unyevu, nayo huanza kunywa maji. Ndani yake, kwenye ncha moja, amelala mtoto wa mmea, mdogo wa kuonekana kwa shida. Maji yakimfikia, hutoa homoni inayokwenda hadi kwenye utando mwembamba unaoizunguka akiba ya wanga. Utando ukiipokea habari hiyo hutengeneza vimeng'enya, navyo huigeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo maziwa ya kwanza ya mtoto yule. Mizizi hutangulia kushuka. Kisha chipukizi hupanda likiwa limevaa ala inayolinda jani la kwanza lisichanike linapopenya udongo. Likifika juu penye mwanga, jani huitoboa ala na kutoka zima. Haya yote hutendeka gizani, pasipo mkono wa mtu, katika kila punje ya kila ekari. Nani aliyeifundisha punje kazi hiyo?

Wapo majirani zetu ambao jambo hili hawakulistaajabia kwa macho tu. Wamelitia ndani ya ibada yao. Kila mwaka, Septemba au Oktoba kwa kufuata mwandamo wa mwezi, Wahindu huadhimisha Navaratri, siku tisa za kumheshimu Mama Mungu, ambaye wao humwita Devi. Siku ya kwanza, katika nyumba nyingi, udongo safi hutandazwa ndani ya chombo kipana na punje za shayiri au za ngano hupandwa humo. Juu yake au kando yake huwekwa chungu kilichojaa maji, mdomoni kimepangwa majani ya mwembe, na nazi imekaa juu ya majani hayo. Taa ya samli huwashwa. Uvumba huchomwa. Kila siku udongo hunyunyiziwa maji kidogo na sala husomwa mbele yake. Siku za kwanza huoni kitu. Kisha ncha nyeupe hujitokeza, moja hapa, mbili pale, na sikukuu inapokwisha chombo kizima kimejaa majani membamba yaliyosimama wima. Nchini Nepal, ambako sikukuu hii huitwa Dashain, shayiri huoteshwa mahali penye giza ili itoke na rangi ya dhahabu, na siku ya kumi wazee huwawekea vijana wao machipukizi hayo kichwani pamoja na maneno ya baraka.

Tusidhani ibada hii iko mbali nasi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nakuru mwaka 1900, ikaupanda mwinuko wa Mau, na mwishoni mwa 1901 ikafika ziwani Kisumu. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India kwa kazi hiyo, Waislamu, Makalasinga na Wahindu, na wapatao 2,500 kati yao walikufa wakiwa kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, wengine wakabaki. Wafanyabiashara wa Gujarat nao wakaja kwa wingi, wakafungua maduka kila palipochipuka mji. Sensa ya 2019 ilihesabu Wahindu zaidi ya 60,000 nchini Kenya, na mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Mahekalu yao yako Nakuru, Nairobi, Kisumu na Mombasa; na huko Zanzibar, katika vichochoro vya Mji Mkongwe, lipo hekalu lenye jina la mungu Shiva na Shakti pamoja.

Huyo Shakti ni nani? Waabudu wa Mama hufundisha kwamba asili ya yote ni moja na haina umbo, lakini nguvu yake itendayo kazi, ile inayoumba, inayolisha na inayovunja ili kuumba upya, ndiyo Shakti, na wao humwita Mama. Mwanadamu hawezi kuishika nguvu hiyo kwa akili, basi huchorewa sura ili moyo upate pa kuelekea. Durga ana mikono minane au kumi kwa sababu kazi zake ni nyingi na huzitenda zote kwa wakati mmoja. Na mama yeyote aliyewahi kubeba mtoto mgongoni huku akipika na kuchunga moto anaijua maana hiyo bila kufundishwa. Lakshmi, mwenye neema na riziki, husimama juu ya yungiyungi, ua lenye mizizi katika tope lakini petali zake ni safi, na tembo wawili humwagia maji kutoka juu. Saraswati, mwenye elimu, huvaa nguo nyeupe, ameshika kitabu na zeze. Wapo ambao siku ya tisa huviweka vitabu na zana zao za kazi mbele ya Mama, wakikiri kwamba ujuzi wa mikono nao ni kipawa.

Kisa chao kikuu kimo katika Devi Mahatmya, utungo wa beti 700 uliotungwa yapata miaka 1,500 iliyopita. Lilikuwako jitu lenye sura ya nyati, Mahishasura, lililopewa ahadi kwamba hakuna mwanamume wala mungu wa kiume atakayeliua. Likavimba kichwa, likawafukuza miungu makwao. Hasira ya miungu ikatoka kwa mfano wa nuru, nuru zile zikaungana, zikawa mwanamke. Kila mmoja akampa silaha yake: mkuki wa ncha tatu, gurudumu la makali, upinde na mishale, na mlima Himalaya ukampa simba wa kumpanda. Vita vikawa vikali, kwa maana adui alibadilika umbo kila alipokaribia kushindwa: mara nyati, mara simba, mara mtu mwenye upanga, mara tembo, kisha nyati tena. Mwisho Mama alimkanyaga shingoni, akammaliza. Wafasiri wa Kihindu wanasema nyati yule ni kiburi na tamaa, na kwamba uwanja wa vita ni moyo wa kila mtu.

Lakini ukitaka kumjua Mama anayehusika zaidi na nchi ya Mau Narok, utamkuta mwishoni mwa utungo huohuo. Huitwa Shakambhari. Imeandikwa kwamba mvua itakapokatika miaka 100 na dunia kukauka, atakuja kuwatazama viumbe kwa macho 100, na atawalisha kwa mboga zitakazoota kutoka mwilini mwake mwenyewe hadi mvua irudi. Simulizi nyingine zinaongeza kwamba alilia siku tisa usiku na mchana kwa huruma, na machozi yake yakajaza mito. Huko Vijayawada, kusini mwa India, hekalu la Kanaka Durga hupambwa kwa heshima hiyo, nguzo na kuta, kwa mabiringanya, ndizi, limau na mboga za majani. Mkulima wa huku akiliona hekalu lile angeyatambua mazao yaliyoning'inizwa. Hiki anachokibeba kwa gunia, wenzake wanakitundika madhabahuni.

Ibada yenyewe hushika mwili mzima wa mtu. Wengi hufunga, wengine wakila matunda na maziwa tu kwa siku zote tisa. Jioni taa huzungushwa mbele ya sanamu huku kengele zikilia, kisha sahani ya taa hupitishwa kwa watu; kila mmoja huuelekeza mkono kwenye joto la moto na kujipaka usoni. Kisha kuna ngoma. Wagujarati hutoboa chungu cha udongo matundu mengi, huweka taa ndani, nayo nuru hutoka kila upande. Wanawake kwa wanaume huzunguka wakipiga makofi, hatua kwa hatua, hadi usiku wa manane. Ngoma hiyo, garba, iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa wanadamu mwaka 2023, miaka miwili baada ya sikukuu ya Durga ya mjini Kolkata. Wakenya wanaokaa karibu na kumbi za Wahindu wanazijua nyimbo hizo kwa sauti, hata kama hawazijui kwa maana.

Katika yote hayo, moja limenigusa kuliko mengine. Siku ya nane au ya tisa, familia huwaalika wasichana wadogo, mara nyingi tisa. Mwenye nyumba, awe tajiri wa namna gani, huinama akawaosha miguu kwa maji, akawapaka alama nyekundu kwenye paji la uso, akawaketisha na kuwaandalia mikate ya kukaanga, dengu na halua, kwa kuwa siku hiyo Mama anaheshimiwa ndani yao. Msichana mwenye vumbi miguuni anapewa heshima ya sanamu ya dhahabu. Jamii yoyote, ya dini yoyote, ingefaidika kuitazama picha hiyo kwa muda mrefu na kujiuliza inawafanyia nini binti zake.

Sisi tuliolelewa katika kanisa au msikiti hatusujudu mbele ya sanamu, wala sisemi tofauti hiyo ni ndogo. Ni kubwa. Lakini kumheshimu jirani hakutupunguzii imani, na mshangao wake mbele ya mbegu ni mshangao wetu pia. Wamaasai waliolisha ng'ombe kwenye miinuko hii kabla ya jembe la kwanza wanamwomba Enkai, anayeleta mawingu meusi ya mvua; akina mama ndio wanaoamka alfajiri na kunyunyiza maziwa wakiomba, na nyasi mbichi mkononi ni ishara ya amani na baraka. Waogiek waliishi ndani ya msitu wa Mau kwa asali na kwa uwindaji, wakiujua mti mmoja mmoja. Kila kabila lililoikanyaga nchi hii limehisi kwamba inalisha kwa makusudi, na kwamba nyuma ya makusudi hayo yupo Mwenyewe.

Utazame tu msitu wa Mau unavyotunyonyesha. Mvua hunyesha juu ya miti, ikashikwa na majani, ikashuka taratibu katika udongo, ikatoka chini kama chemchemi. Mto Njoro hushuka hadi Ziwa Nakuru. Mto Molo huenda Ziwa Baringo. Ewaso Ng'iro ya kusini huteremka hadi Ziwa Natron, na Mto Mara hupita kwenye mbuga za nyumbu hadi Ziwa Victoria. Maji ya mlima mmoja yananywesha flamingo, ng'ombe, simba na watoto wa shule wa nchi mbili.

Na nyati wa tamaa naye tumemwona huku. Mwaka 2001 pekee, zaidi ya hekta 60,000 ziliondolewa katika hifadhi ya misitu ya Mau. Anakuja kwa sura ya makaa, ukimfukuza anarudi kwa sura ya mbao, ukimziba hapo anarudi na hatimiliki mkononi. Mito ikapungua, watu wakagombana, familia zikafurushwa. Waliotunga kisa kile hawakuijua Mau, lakini walijua kwamba adui anayebadilika umbo hashindwi kwa kupigwa mara moja; hushindwa na mkesha wa watu wengi walioziunganisha nguvu zao, kama nuru zile zilivyoungana.

Basi tumshukuru Muumba kwa matendo. Chakula kikifika mezani, tumtaje aliyekitoa, tena kwa sauti, watoto wasikie. Mwenye shamba kando ya mto aache miti isimame ukingoni. Mwenye binti amsomeshe na kumlinda, kwa kuwa ndani yake Mungu ameweka uwezo wa kubeba uhai gizani na kuutoa kwenye nuru, kazi ileile aliyoipa punje ya shayiri. Na jirani yetu Mhindu akiwasha taa yake siku za Navaratri, tumtakie sikukuu njema kwa moyo mweupe, kwa kuwa anaishukuru mvua inayotunyeshea sote. Aliyeiumba shayiri hakuibagua nchi ya kuiotesha, wala hakuuliza dini ya atakayeila. Ahimidiwe kwa ukarimu huo, nasi tujifunze kuutenda.