Jina Moja, Mungu Mmoja?

Wimbo wa taifa wa Tanzania unamwomba Mungu, na Mwislamu na Mkristo huuimba bega kwa bega bila kuulizana ni yupi. Kiswahili kimewarahisishia: neno ni hilohilo.

Nchini Malaysia neno la namna hiyo liliwafikisha Wakristo mahakamani. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ililizuia gazeti la Kikatoliki kumwita Mungu "Allah". Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikawaruhusu Wakristo kulitumia katika machapisho yao. Wakristo Waarabu, wao, wamelitumia tangu enzi na enzi.

Lakini jina si imani. Mkristo hukiri Utatu, Mwislamu huukana. Naye Mbudha (hapa ndipo swali lenyewe linapokwama) hafundishwi kumtafuta Mungu muumba. Anayedai njia zote zinafika kwa Mungu mmoja hajamuuliza Mbudha anakokwenda.