Nasaha za Sufuria ya Mtori

Wanangu,

Nawaandikia nyote, mlio huku Moshi na mlioko Dar es Salaam, wake kwa waume. Mambo ya jikoni yanalegea mbele ya macho yangu, na kila nikisema naambiwa, "Bibi, siku hizi ni tofauti." Sawa. Lakini mtori bado unapikwa kwenye sufuria moja, na humo ndani limo fungu la kila mtu wa nyumba hiyo, aliyekwisha kaa mezani na ambaye bado yuko njiani. Aliyeshika mwiko ameshika amana ya watu. Hilo ndilo linalonikera mkilisahau.

Tuanzie buchani. Mtori hautaki steki. Unataka mbavu, kidari, na mfupa wenye uboho, kwa sababu ule utelezi unaotoka kwenye mishipa na viungo vya mifupa, ukichemka taratibu, ndio unaoupa mchuzi uzito. Steki utaichemsha mpaka iwe nyuzinyuzi, na maji yatabaki maji. Lakini kabla ya mfupa kuna salamu. Mnaingia buchani simu ikiwa sikioni, mnaonyesha nyama kwa kidole, mnalipa, mnatoka. Yule mtu amesimama pale tangu alfajiri. Msalimie, umuulize habari za nyumbani, kisha umwambie unapika nini. Ukimwambia ni mtori wa mzazi, atakuchagulia mfupa ambao wewe mwenyewe usingeuona. Wala usiibonyezebonyeze nyama usiyokusudia kununua.

Ndizi ni mshare, iliyokomaa na bado mbichi kabisa. Walio Dar wataipata sokoni Mabibo, sisi huku tunaijua njia ya Mbuyuni. Wengine mnaleta ndizi yoyote ya kijani mkisema zote ni ndizi. Mshare hulainika ikawa kama uji mzito usio na chembe. Hiyo nyingine utaiponda mpaka mkono uume nayo bado inakuonyesha vipande. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, maana utomvu wake ukishashika vidole hautoki kwa sabuni, na kila ndizi unayoimenya itumbukize kwenye maji yenye chumvi kidogo isije ikasawijika.

Na maganda! Juzi nimekuta maganda ya ndizi yamejaa kwenye mtaro wa maji mbele ya nyumba ya mmoja wenu, nzi wamefunika. Nyinyi mmezaliwa kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani. Mliona maganda yakipelekwa kwa ng'ombe aliyefungwa zizini, samadi ya ng'ombe ikirudi kwenye shina la mgomba, na mgomba huohuo ukitupa mkungu mwingine. Hakuna kilichotupwa. Mjini kama huna ng'ombe, jirani anafuga mbuzi. Weka kwenye kiroba, mtume mtoto ampelekee.

Osha mikono. Vua pete. Funga kitambaa kichwani.

Sasa moto. Kilo moja ya nyama na mifupa yake, ioshe, iinjike kwenye lita tatu za maji baridi. Maji ya baridi, si ya moto, ili nyama iachie utamu wake polepole. Ikianza kuchemka litapanda povu la kijivu. Simama hapohapo na upawa ulitoe lote. Nimeona binti mzima akilikorogea ndani kwa sababu alikuwa anachati. Mchuzi wa namna hiyo huwa na rangi ya maji ya kufulia, na mgeni ataunywa kwa heshima tu. Povu likiisha punguza moto, tia chumvi, funika, uache saa moja na nusu au zaidi, mpaka minofu ianze kujitenga na mfupa. Usitie magadi ili ilainike haraka, na vile vidonge vya supu vya pakiti viacheni dukani. Presha kuka siikatai. Gesi ni ghali, nami najua mishahara yenu.

Nyama ikishaiva itoe pembeni, uifunike. Kwenye mchuzi uleule tia ndizi kama kumi zilizokatwa vipande, kitunguu kimoja, karoti mbili. Nusu saa zitakuwa zimeiva. Hapo ndipo kazi ilipo: epua, shika mwiko, uponde humohumo sufuriani, ukibana ndizi kwenye ukuta wa sufuria na kuizungusha, mpaka ikutelezee. Mkono utauma. Mkono wa mama yangu uliuma, na wangu umeuma miaka hamsini. Msiniletee mashine ya kusagia. Ile visu vyake vinaipiga ndizi mpaka inavutika kama gundi, na mtoto akinyonya kijiko kinang'ang'ania mdomoni. Nilipewa mtori wa namna hiyo kwenye nyumba moja, nikaulizwa, "Mama, si umelainika?" Nilijibu umelainika, kwa kuwa nilikuwa mgeni. Leo nasema kweli: ule haukuwa mtori. Watu husema ukiona vyaelea vimeundwa, na bakuli laini la mtori limeundwa kwa bega la mtu.

Rudisha nyama, rudisha jikoni kwa moto mdogo, tia glasi ya maziwa na kijiko cha samli, koroga mpaka viungane. Ndimu isiingie sufuriani, itayakata maziwa. Anayetaka ndimu au pilipili atatia kwenye bakuli lake.

Ukionja, dondoshea kwenye kiganja. Mwiko uliogusa mdomo haurudi sufuriani.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Desemba iliyopita mlikuja wote nyumbani, kama ilivyo desturi yetu ya kupanda mlimani Krismasi ikikaribia, na chumba cha ndani alikuwamo mzazi, mtoto wake ana wiki mbili. Sufuria ile niliipika kwa ajili yake kwanza. Nyote mnajua kwamba kwetu mzazi hulishwa mtori wenye maziwa na samli miezi ya mwanzo, apate damu, apate maziwa, arudishe mgongo. Nikaacha sufuria imefunikwa, nikaenda kukamua. Niliporudi jioni nimpakulie, nikazungusha mwiko mpaka chini: ndizi tupu, na mifupa mitatu iliyofyonzwa mpaka uboho. Vijana walikuwa sebuleni wanatazama mpira. Niliuliza, hakuna aliyeinua uso. Nikampelekea mzazi kilichokuwapo. Aliangalia bakuli, akasema, "Hakuna neno, mama," akanywa.

Lile "hakuna neno" nililala nalo.

Kufunua sufuria usiyoipika na kuvua nyama kwa uma, hata kama ni nyumbani kwa bibi yako, ni wizi. Msiite utani, msiite njaa. Mwenye njaa huomba, na kwangu hajawahi kuomba mtu akanyimwa. Anayevua nyama hachukui nyama ya sufuria, anachukua ya mtu fulani ambaye hayupo pale kujitetea: mtoto aliyeko shule, mzee aliyelala, mama mwenye kichanga. Na kwetu mtu aliyekosa hubeba jani la sale akaenda kwa aliyemkosea. Sikuona sale, sikusikia hata neno. Nangoja bado.

Kwa hiyo shikeni hili la kupakua. Kabla ya bakuli la kwanza, koroga kutoka chini uhesabu vipande. Watu tisa, vipande kumi na vinane: viwili viwili, na hesabu imalizike kabla hujamwona anayekutazama kwa macho ya kuomba. Ambaye bado hajarudi mwekee lake kwenye bakuli lenye mfuniko, nyama ikiwamo, na watoto walione likiwekwa. Mzee asiye na meno mchambulie minofu jikoni, usimchambulie mbele za watu.

Na mpishi ale. Ninyi wanaume, huwa mnamaliza mnanyoosha miguu, naye anarudi jikoni kukwangua. Mchukulieni bakuli lake mkamwekee mezani kabla hamjashika vijiko. Mwanangu mmoja hufanya hivyo kila siku bila kuambiwa, na sijawahi kumsifu. Namsifu leo.

Usitie chumvi kabla ya kuonja. Usiseme wa mama yako ulikuwa mzito zaidi. Simu ikae chumbani.

Jirani akisikia harufu, mpelekee bakuli; kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nawe ukiletewa, usirudishe chombo kitupu. Mayai mawili, ndimu tatu, hata chumvi kwenye karatasi. Nina mabakuli manne mjini ambayo hayajarudi kabisa, tupu wala yenye kitu, na wenye kuyashikilia wanajijua.

Ukibaki, uache upoe, uutie kwenye friji. Mtori wenye maziwa haulali mezani. Asubuhi utaukuta umeganda mzito. Tia maji kidogo, si maziwa tena, upashe polepole ukikoroga chini usishike. Kikombe cha kwanza ni cha mtoto anayetoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari la shule. Asubuhi za Julai huku mlimani zina baridi ya kuuma masikio. Mimina kwenye kile kikombe chenye mkono, kiweke dirishani kipoe kiasi anapofunga kamba za viatu, usimame naye mpaka akimalize.