Mzazi Mkimbizi Anarithisha Nini?



Safari hii tunagusa jambo ambalo familia nyingi za hapa makazini hulikwepa, yaani wasia. Kijana akimwuliza baba yake habari za shamba la kule Masisi au Fizi, hujibiwa, "Kumbe unataka nife?" Kijana mwenye adabu hunyamaza. Wengine husema: wasia wa nini, nasi tulikimbia na sufuria na godoro? Hata kiwanja tulichogawiwa hapa Uganda ni cha kujenga na kulima tu, hatuwezi kukiuza.

Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Mzee hana mali mkononi, lakini anazo habari kichwani. Vijijini kwetu Kongo mashamba mengi hayana cheti cha serikali. Yanajulikana kwa desturi: nani alimpa babu sehemu ile, chefu alipewa nini, mpaka unapita kwenye mti gani, na nani walishuhudia. Mashahidi wakifa na mzee akifa kimya, ni kama hati imechomwa moto. Sasa swali letu ni hili: je, habari hizo ni mali yake binafsi, hata aweze kwenda nazo kaburini? Mimi nasema hapana. Alizipokea kwa baba yake, naye anadaiwa na watoto wake.

Mkumbuke Yeremia, sura ya 32. Yerusalemu ulikuwa umezingirwa, yeye mwenyewe amefungwa, na alijua kwamba mji utaanguka. Hata hivyo akanunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, akatia sahihi mbele ya mashahidi, akamwagiza Baruku aziweke hati katika chombo cha udongo zipate kudumu. Hakujidanganya kwamba atalima kesho. Aliandika kwa ajili ya watakaorudi.

Lakini kuna wasia ambao ni afadhali usingetolewa. Tuseme baba anawaambia wanawe kila jioni kwamba shamba letu linafika mtoni, naye anajua kwamba sehemu ya chini ya barabara aliiuza mwaka 1994 ili kumtibu mama yao. Anaona aibu kulitaja. Vijana wanarudi wakiamini neno la baba, wanamkuta jirani analima, wanamwita mwizi. Hapo damu inaweza kumwagika kwa ajili ya aibu ya mzee mmoja. Kwa hiyo anayesema kilicho chetu aseme pia kilichouzwa, kilichoazimwa na deni ambalo halijalipwa. Na kama kuna watu walioingia shambani baada ya sisi kukimbia, wengine wao nao walifukuzwa kwao. Baba anaweza kuwaachia watoto haki ya kwenda kudai mbele ya wazee na baraza. Asiwaachie kiapo cha kulipiza kisasi.

Tena, mwenye kuusikia wasia ni nani? Wengi huwaita wana wa kiume tu. Binti za Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakidai fungu la baba yao, na Bwana akasema wana haki (Hesabu 27). Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 nayo haimbagui binti katika urithi wa mzazi wake, wala mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ikiwa baba alimtambua alipokuwa hai. (Wababa wanaelewa kwa nini nimetaja hilo la mwisho.)

Anayejua kuandika aandike wasia wote kwa mkono wake mwenyewe, aweke tarehe na sahihi. Sheria ya Kongo inaukubali wasia wa namna hiyo. Asiyejua kuandika awaite watoto na wazee wawili watatu wa kanisa, aseme, na mmoja aandike maneno yake. Karatasi hiyo haitakuwa na nguvu sawa na ile, lakini itabaki ushuhuda. Watoto walio Marekani au Kampala watumiwe nakala, wasije wakasikia habari nusu nusu.

Na mama asiachwe jikoni siku hiyo. Yeye ndiye aliyelima kando ya mpaka ule kila msimu, na mara nyingi anaukumbuka ule mti kuliko mume wake.