Karatasi ya Deni Lililokufa

Katika mapenzi mengi ya wakusanyaji wa vitu vya kale, hakuna linalomshughulisha mwanafunzi wa maadili kama mapenzi ya karatasi za fedha zilizokwisha kupitwa na wakati. Huko Marekani wako watu wanunuao hundi zilizoandikwa katika karne ya 19, katika miji ya machimbo ya magharibi, California na Nevada. Hundi zilizopita katika kampuni ya Wells Fargo, iliyoanzishwa mwaka 1852, au zilizobandikwa stampu ya ushuru ambayo serikali yao ilianza kuidai wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Huzitia katika albamu, huzitazama kwa kioo cha kukuzia, husoma sahihi ya mwenye duka au ya mwenye mgodi, nao hufurahi. Uingereza mapenzi ya hisa na hati za mikopo za kale yalitafutiwa jina mwaka 1978, na jina hilo, kama majina mengi ya namna hiyo, lilitungwa kwa vipande vya lugha mbili na halikumpendeza mtu. Sisi hatuna neno lake, wala sioni kwamba tumepungukiwa. Lakini kitu chenyewe tunacho, na katika pwani yetu ya Tanga na Pangani kina habari nzito kuliko ya hundi za wachimba dhahabu. Swali langu ni hili: mtu ashikaye karatasi ya deni ambalo halikulipwa, ashika nini, naye awajibika kwa nani?

Yafaa kwanza tutenge mambo mawili yanayochanganywa. Hundi ya Marekani, baada ya benki kulipa, ilitiwa alama ya kubatilishwa na kurudishwa kwa mwandikaji wake, naye akaiweka pamoja na hesabu zake. Kwa hiyo hundi iliyoko leo katika albamu, mara nyingi, ni ushahidi wa ahadi iliyotimizwa. Mtu alisema atalipa, akalipa, na karatasi ikabaki kama ganda la yai baada ya kifaranga kutoka. Noti ya benki ni kinyume chake. Noti ikirudi benki na kulipwa, mwisho wake huwa moto. Noti ya benki iliyokufa, ikionekana imebaki mikononi mwa watu, yamkini imebaki kwa sababu hakuna aliyeilipa. Mkusanyaji wa hundi, basi, akusanya uaminifu, na mkusanyaji wa noti za namna hii akusanya ahadi zilizovunjwa, na kadiri zilivyovunjwa nyingi ndivyo albamu yake inavyojaa. Wote wawili huuza na kununua mahali pamoja, kwa adabu moja, wala hawajioni kuwa mbalimbali.

Noti zetu ni hizi. Mwaka 1904 serikali ya Wadachi ilitwaa mikononi mwake kazi ya kutoa fedha katika Afrika ya Mashariki ya Kidachi, ikaigawanya rupia katika heller 100, na kuifanya rupia 15 kuwa sawa na mark 20. Mwaka 1905 ikaundwa Benki ya Afrika ya Mashariki ya Kidachi, yenye makao Berlin, ikatoa noti zake zilizochapwa Ulaya kwa ufundi mwema. Vita vilipokuja mwaka 1914, Waingereza waliizuia bahari, na noti hazikuweza kuletwa tena. Ndipo zikachapwa noti za muda humu humu nchini, mwaka 1915 na 1916, kwa karatasi iliyopatikana, zikitiwa sahihi kwa mkono wa karani baada ya karani. Tabora, katika karakana ya reli, zikapigwa sarafu: heller za shaba, na dinari ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Mwaka 1917, jeshi likiwa limekwisha kusukumwa kusini, noti zikapigwa kwa herufi za mpira kama muhuri wa mtoto wa shule. Mtu akiziona leo hushangaa kwamba ziliitwa fedha.

Sarafu ya tembo ilikuwa na dhahabu yake ndani. Aliyeipata hakumhitaji Kaiser ili awe na mali. Rupia ya fedha nayo iliendelea kupita mikononi mwa watu hata baada ya Waingereza kuingia Tanga, Julai 1916, kwa kuwa fedha ni fedha kwa yeyote. Karatasi haikuwa na bahati hiyo. Ilikuwa maneno matupu ya bwana aliyeondoka, na bwana aliyeingia hakukubali kuyarithi. Tufikirie mtu wa Muheza au wa Korogwe aliyetoa mtama, kuku na mbuzi kwa jeshi mwaka 1915, akapewa karatasi hiyo. Hakuuliza bei wala hakuchagua namna ya kulipwa. Aliyempa karatasi alikuwa na bunduki, naye alisema karatasi hii ni sawa na rupia. Mtama uliliwa. Vita vilikwisha mwaka 1918. Karatasi ilikaa katika kikasha, kisha ikawa ya watoto kuchezea, kisha ikapatikana moja iliyosalimika, ikapita kwa mchuuzi wa vitu vya kale, ikavuka bahari, na leo yumo mtu Ulaya ambaye amelipa fedha halali kwa ajili yake. Deni, kwa namna ya kuchekesha, limelipwa. Ila halikulipwa na mdaiwa, wala halikulipwa kwa mdai.

Hapa wakusanyaji wanajitetea, na utetezi wao haudharauliki. Wasema: deni limekufa zamani. Benki imekwisha, dola ya Kaiser imekwisha, mwenye mtama amekwisha. Karatasi hii ni kitu tu, kama kigae cha chungu. Mimi nisingeinunua, ingeliwa na mchwa, na habari ya mtama huo isingejulikana na mtu. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mkali wa hoja, alisema zaidi: kwamba mkusanyaji ndiye mtu wa pekee katika mambo haya aliyelipa kwa hiari yake, na kwamba ni ajabu tumlaumu yeye tuwaache wengine.

Nakubali nusu ya maneno hayo. Lakini neno lile, deni limekufa, silipokei kwa wepesi, na sababu zangu nazitoa katika desturi za pwani yenyewe. Katika miji yetu mtu akifa, kabla hajazikwa, husimama mmoja wa jamaa mbele ya watu akasema: anayemdai marehemu na ajitokeze, na asiyeweza kusema hapa aje nyumbani. Sheria ya Kiislamu yatanguliza madeni ya maiti mbele ya ugawaji wa urithi, na Kurani yataka deni la muda liandikwe na kushuhudiwa. Maana ya desturi hii ni kwamba kifo cha mdaiwa hakiui deni. Kinalihamisha tu, na anayepokea mali hupokea na mzigo. Deni huisha kwa njia mbili: kulipwa au kusamehewa, na kusamehe ni kazi ya mdai, si kazi ya saa wala ya kalenda. Kwa kipimo hicho, noti ya 1915 haikufa. Ilinyamaza tu, kwa kuwa hapana aliyesimama siku ya maziko ya dola ile akaita wadai. Wenye kusema deni limekufa wapo daima upande wa mdaiwa; sijamsikia mdai akilisema.

Na si kwamba dola haziwezi kukumbuka. Mwaka 1964, mwaka aliokufa Jenerali von Lettow-Vorbeck, Bunge la Ujerumani ya Magharibi liliamua kuwalipa askari wake wa Kiafrika waliokuwa hai bado malimbikizo ya mishahara yao. Husimuliwa kwamba karani wa fedha alifika Mwanza, wakaja wazee kama 350, na wachache tu ndio walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walikuja na vitambaa vya sare zilizochakaa, wengine mikono mitupu. Basi kila mzee akapewa ufagio badala ya bunduki, akaamrishwa kwa Kidachi mazoezi ya silaha, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Simulizi hii hupendwa kwa uchekeshaji wake, nami huiona ya kuhuzunisha. Mtu wa umri wa miaka sabini anadai haki ya miaka arubaini na sita kwa kubeba ufagio begani. Hata hivyo yafundisha jambo moja: palipokuwa na nia ya kulipa, kukosa karatasi hakukuzuia. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi yote mawili, wakafa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, hawakuitwa kushika ufagio. Walioubebea mzigo upande wa Waingereza wametuachia jina la Kariakoo, Dar es Salaam, na wengi wao hawakurudi kudai mishahara yao.

Tusogee kwenye karatasi nzuri zaidi kwa macho. Mwaka 1888 Sultani Khalifa alikodisha pwani kwa Kampuni ya Kidachi. Bendera ya kampuni ikapandishwa Pangani mwezi wa Agosti, na watu wakaondoka na Bushiri bin Salim kupigana, hata akanyongwa hapo hapo Pangani, Desemba 1889. Mwaka uliofuata Sultani alitoa pwani moja kwa moja kwa bei ya mark milioni nne. Kampuni haikuwa na fedha hizo mkononi. Ilikopa kwa watu wa kwao kwa kuuza hati za mkopo, na malipo ya mkopo huo yalitegemea ushuru wa forodha za pwani ile ile. Hati hizo ni mali ya thamani kwa wakusanyaji leo. Namwomba msomaji asome sentensi hii polepole: watu wa Tanga na Pangani, kwa kila pembe na kila gunia lililopita forodhani, walilipa bei ya kununuliwa kwao wenyewe. (Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha miaka mingi, kwa wakati wake ushuru ulikuwa wa serikali nyingine, lakini mara kwa mara hujiuliza angeandika nini juu ya hati hizo kama angeziona.)

Kadhalika hisa za reli ya Usambara. Kampuni yake iliundwa mwaka 1891, kazi ikaanza Tanga mwaka 1893, na fedha zikaisha kabla reli haijavuka Muheza kwa mbali. Mwaka 1899 serikali ikainunua, ikaifikisha Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Wenye hisa walipata mnunuzi wa kuwaokoa. Nalitaja kwa ufupi, kwa kuwa laonyesha tu kwamba ahadi zilizovunjika hazikuwa na walezi sawa.

Jambo kubwa kwangu ni mkonge. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo yalitoka mashamba ambayo katika miaka ya 1960 yalitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Hisa za makampuni ya mkonge zilichapwa kwa nakshi, mihuri na wino wa rangi, kwa kuwa mwenye kununua hisa alipaswa kutongozwa. Lakini shamba lilikuwa na karatasi nyingine. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya sasa, tangu mwaka 1907 mwanamume alipewa kadi iliyomlazimu kufanya kazi siku 30 kwa Mzungu katika kila miezi minne. Wakati wa Waingereza palikuwa na kipande, chenye nafasi za siku 30. Ukimaliza kazi ya siku, unatiwa alama; usipoimaliza, huna alama, na siku imekwenda bure. Mshahara ulikuja nafasi zikijaa. Manamba waliotoka Songea, Ubena, Uha na Urundi walihesabu maisha yao kwa vipande.

Kipande nacho ni karatasi ya fedha, tena ni ya haki kuliko hisa, maana kila alama ndani yake imelipiwa kwa jasho kabla ya kuandikwa. Hisa ni ahadi ya faida ambayo haijapatikana. Kipande ni ushahidi wa kazi iliyokwisha kufanywa. Na bado albamu zimejaa hisa, na kipande hakionekani. Sababu zake ni za kawaida: kilikuwa cha karatasi duni, kilishikwa na mikono yenye utomvu wa mkonge, kikarudishwa ofisini siku ya malipo, kikatupwa. Lakini iko sababu nyingine. Mkusanyaji, hata akiwa mwema, hukusanya kile kilichotengenezwa ili kupendwa. Uzuri wa hisa ulikuwa sehemu ya biashara yake tangu mwanzo, na yeye, miaka mia baadaye, bado anatongozwa na tongozo lile lile. Hapa ndipo namjibu mwanafunzi wangu. Kosa la mkusanyaji si kununua. Kosa ni kukubali kwamba sura ya karatasi imchagulie habari ya kuhifadhi, kisha aite chaguo hilo historia.

Wajibu wake, kwa maoni yangu, si kurudisha noti kwa wajukuu wa mwenye mtama, maana hawajulikani. Na noti ikirudi bila jina la mtu itakuwa sadaka, si malipo. Ni kuandika. Kila karatasi iwekwe pamoja na maelezo ya nani aliahidi, kwa nani, na kama alilipa. Na nakala yake ipelekwe Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, ambako kumbukumbu za Kidachi zimetunzwa, ili mdai naye awe na daftari. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na hadi sasa daftari limekuwa upande mmoja.

Kwa wanafunzi wetu iko kazi iliyo karibu zaidi. Katika nyumba za Ngomeni, Muheza na Korogwe wapo watoto na wajukuu wa manamba ambao hawakurudi kwao. Baadhi yao huenda wana masanduku ya bati yasiyofunguliwa siku nyingi. Atakayeonyeshwa kipande, asiombe kukinunua. Anakili jina, namba, shamba na mwaka, ahesabu alama, aandike kama nafasi thelathini zilijaa, kisha amrudishie mwenyewe.