Hesabu Isiyopotea Hata Chembe

Katika Soko la Burma, pale Shauri Moyo jijini Nairobi, kando ya Barabara ya Jogoo, nyama haiwezi kusubiri. Msumeno wa umeme unakata mifupa, friza zinanguruma, mizani inawaka namba. Tokeni za stima zikiisha, mwenye bucha hununua nyingine kwa simu, akabonyeza tarakimu kwenye mita, na stima ikarudi. Wengi hudhani alichonunua ni kitu kinachosafiri kwenye waya, kikaingia ndani ya friza na kuishia humo. Sivyo, na jinsi mambo yalivyo hasa inampa Muumba sifa kubwa zaidi.

Waya wa shaba umejaa elektroni kabla stima haijaunganishwa. Kila sentimita moja ya ujazo wa shaba ina elektroni huru zipatazo 8 ikifuatwa na sufuri 22. Fundi hakuzileta, wala hazikutoka kwenye mtambo wa mvuke kule Olkaria. Ni sehemu ya shaba yenyewe, kama ilivyoumbwa.

Tena haziendi mbali. Msumeno unaovuta ampia 5 kupitia waya wa kawaida wa nyumbani ungezisogeza elektroni chini ya mita moja kwa saa, kama zingekuwa zinaelekea upande mmoja tu. Kobe angezipita. Lakini stima yetu hugeuza mwelekeo, ikikamilisha mizunguko 50 kila sekunde, kwa hiyo elektroni hucheza huku na huku katika nafasi isiyofika hata milimita moja. Kinachokimbia ni msukumo. Abiria waliobanana ndani ya matatu wanaelewa jambo hili: kondakta akimsukuma wa mlangoni, wa mbele anabanwa papo hapo, ingawa hakuna aliyepiga hatua. Katika nyaya, msukumo huo huenda kwa kasi inayokaribia ya mwanga, hivi kwamba umbali wa kutoka Olkaria hadi Nairobi ni kazi ya sehemu ndogo mno ya sekunde.

Njiani kuna ajabu nyingine, nami huitafakari kila nipitapo chini ya transfoma. Ndani yake mna koili mbili zisizogusana. Umeme wa volti 11,000 unaingia katika moja, na wa volti 240 unatoka katika nyingine kuelekea mabuchani, bila elektroni hata moja kuvuka. Kinachovuka ni nguvu ya sumaku inayobadilika-badilika, ambayo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. Elektroni za Olkaria na za Burma hazijawahi kukutana, ila kazi inafika.

Basi mwenye bucha analipia nini? Analipia nishati, yaani ile kazi ya kugeuza mota ya friza na msumeno. Elektroni zenyewe hazipungui. Mwaka 1845 Gustav Kirchhoff, kijana wa miaka 21 aliyekuwa bado mwanafunzi, aliandika sheria hiyo: mkondo wote unaoingia kwenye kiungo cha saketi lazima utoke. Waya ukigawanyika kwenda kwenye friza, taa na mizani, kila tawi huchukua mkondo wake kulingana na ukinzani wake, kisha matawi yanapoungana tena jumla inalingana na ile iliyotoka. Ampia moja ni elektroni zaidi ya bilioni bilioni 6 kila sekunde, na mahesabu yanafungwa bila karani, mchana na usiku, kuanzia vibanda vya Gikomba hadi kwenye nyota za mbali. Ni nani aliyeweka uaminifu wa namna hiyo ndani ya chuma baridi?

Na uaminifu huo unaokoa watu. Sakafu ya bucha huwa na maji, mikono ina damu, na ngozi iliyolowa huupa umeme njia rahisi kuelekea ardhini. Hapo ndipo ninapotamani kila duka lifungiwe swichi ya usalama inayolinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Ikiona tofauti ya miliampia 30 tu, huchukulia kwamba kuna njia nyingine umeme umeipata, pengine mwili wa mtu, na hukata stima ndani ya theluthi moja ya sekunde, upesi kuliko pigo moja la moyo hadi jingine.