Kiti cha mbele

Jambo hili limenikaa rohoni wiki nzima. Jumapili, kengele ya ibada ya pili ikiwa imeshalia, mzee wa zamu alimwinua mama mmoja kutoka safu ya kwanza. Mama wa watu, kanga zimepauka, kandambili miguuni, Biblia na kitabu cha nyimbo ndani ya kikapu. "Mama, hapa pana wageni. Sogea kule nyuma." Akajibu, "Haya, baba," akaenda kwenye benchi la mlangoni, ambako kelele za bodaboda humeza nusu ya mahubiri. Kiti kikabaki kitupu mpaka mhubiri alipokuwa katikati ya neno, ndipo mgeni akaingia na suti yake, akapokewa kwa makofi.

Najua nitakachoambiwa. Kanisa lina utaratibu. Mgeni yule ndiye aliyekuja kuongoza harambee ya paa, na akiudhika, mabati tutayapata wapi? Sina ugomvi na mgeni wala na suti yake. Lakini soma Yakobo, sura ya 2. Mwenye pete ya dhahabu anakaribishwa mahali pazuri, maskini anaambiwa asimame au akae chini. Yakobo hakuwa akiwasema wapagani. Alikuwa akiwasema waumini, katika kusanyiko lao wenyewe, na jambo hilo akaliita dhambi.

Anayenitia hofu zaidi ni Samweli. Mikono yake ndiyo iliyompaka mafuta Sauli, mtu aliyewazidi wote kwa urefu, na alikuwa angali akimlilia Sauli huyohuyo alipotumwa Bethlehemu kwa Yese kumpaka mafuta mfalme mwingine kati ya wanawe. Mtu angedhani urefu haungemdanganya tena. Wapi! Alipomwona Eliabu tu, moyo wake ukamwambia ndiye huyu. Wana saba wakapitishwa mbele yake. Wa nane, Daudi, ndiye aliyechaguliwa na Mungu, naye yuko malishoni na kondoo, hata baba yake mzazi hakuona haja ya kumwita. Ikiwa nabii mzee alielekea kukosea hivyo, sisi tunaopanga watu viti kwa kuwatazama viatu tunajiamini nini?

Wako wanaoigeuza habari hiyo kuwa fimbo ya kuwachapia wenye mali na wenye sura nzuri. Hao nao nawapinga. Habari hiyohiyo inasema Daudi alikuwa mzuri wa kutazamwa. Mungu hakuuchukia uzuri wake, ila hakumchagua kwa ajili ya huo. Vivyo hivyo, kandambili hazimfanyi mama yule kuwa mtakatifu. Huenda ana makubwa moyoni, huenda hana. Sisi hatukumuuliza hata jina.

Kwa hiyo naliomba baraza la wazee liviondoe viti vya wageni. Anayewahi akae anapopenda. Anayechelewa akae penye nafasi, hata kama ni mlangoni, hata kama ndiye mwenye harambee. Na mabati yakikosekana kwa sababu hiyo, afadhali tuendelee kuvujiwa.